Naomba ushauri: niwaonyeshe vijana filamu gani kuhusu unga (heroini) na kulala nje?

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, nalea kikundi cha vijana huku Mwanjelwa. Nataka tuangalie filamu kuhusu unga na maisha ya mitaani, kisha tuzungumze.

Kuchagua ndiko kunanishinda. Filamu nyingi za kwetu nilizoona, teja, yaani mtumiaji wa unga, ni wa kuchekwa au mwizi wa kupigwa, halafu sala moja inamponya. Arosto, yaani mateso ya mwili teja anapokosa unga, haionyeshwi, wala kurudia kwake kutumia. The Pursuit of Happyness (2006) ilinitoa machozi pale baba na mwanawe wanapolala chooni stesheni. Lakini anaishia kupata kazi nzuri, nami nahofia vijana watamwona anayebaki barabarani kuwa mvivu tu. Trainspotting (1996) inaonyesha arosto yenyewe, ila ni kali mno kwa mtoto wa miaka 15.

Na hapa hapa kwetu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kuna watu wanakunywa methadone, dawa ya kuwasaidia kuachana na unga, kila siku mbele ya mhudumu. Hao sijawaona kwenye filamu yoyote!

Je, ipo ya Kiswahili inayomtazama teja kama mtoto wa watu? Na nikimwalika aliyewahi kutumia aongee nao, nitamsaidia au nitamtonesha kidonda?