Camino Francés: masanduku ya ndege tuyaache wapi tukiwa njiani siku 34?

Mlei_wa_Arusha

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Tuko wanne, tunajiandaa kutembea hija ya Mtakatifu Yakobo kwa njia ya Camino Francés, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago de Compostela, kilomita 780 hivi. Tumepanga siku 32 za kutembea na 2 za kupumzika. Tunatua Madrid. Tukimaliza tunachukua basi hadi Fátima, halafu tunarudi nyumbani kupitia Lisbon.

Kwa sababu ya hiyo safari ya pili, kila mmoja atakuwa na sanduku la kilo 23: nguo za kanisani, viatu, vitenge vya zawadi. Tunaomba msaada kwa haya:

1. Masanduku yakae wapi siku zote hizo?
2. Wawili kati yetu wana miaka zaidi ya 60. Mabegi yao yanaweza kubebwa na gari kila siku? Utaratibu ukoje?
3. Ukisafirishiwa begi, unakosa cheti cha Compostela?

Kombe_la_Yakobo

Milele amina. Naanza na la tatu kwa kuwa ni fupi: hukosi. Cheti kinataka uwe umetembea kwa miguu angalau kilomita 100 za mwisho na kupata mihuri miwili kila siku katika kipande hicho. Hakuna anayeuliza begi limebebwa na nani. Ila kitabu cha mihuri, yaani credencial, kisiingie kamwe kwenye begi linalopanda gari. Kikae mfukoni mwako.

Kuhusu masanduku, angalieni safari inaishia wapi. Hamrudi Madrid, kwa hiyo kuyaacha kwenye stoo ya stesheni ya Atocha ni kulipa kwa siku, mara 34, kisha kulipa tena nauli ya kuyafuata. Yatangulizeni Santiago.

Mahali pazuri pa kuyatuma ni Pamplona. Mtafika hapo kwa treni kutoka Madrid kabla ya kupanda basi la kwenda Saint-Jean. Nendeni posta kuu, iko Paseo de Sarasate, muombe huduma iitwayo Paq Peregrino. Ni ya Correos, posta ya Hispania, na imetengenezwa kwa ajili ya mahujaji: mnataja tarehe ya kuchukua mzigo, nao unawasubiri kwenye posta ya Rúa do Franco, karibu sana na kanisa kuu. Siku za ziada hulipiwa, lakini mzigo haurudishwi.

Msikubali kuutuma kama kifurushi cha kawaida kwa sababu tu ni nafuu. Kifurushi cha kawaida hukaa posta siku 15, kisha kinarudishwa kwa mtumaji. Na mtumaji mliyemwandika ni nani? Ni hoteli ya Pamplona mliyolala usiku mmoja. Ninyi mko León, mji ulio mbele njiani, sanduku liko njiani kurudi kwa watu wasiowajua. Hili ndilo kosa kubwa la njia hii na linajirudia kila msimu.

Kilo 23 ni nzito mno kwa huduma nyingi za mahujaji. Gaweni kila sanduku mara mbili, au punguzeni hadi kilo 15 kila moja kabla ya kutoka nyumbani. Vitenge vina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Fomu ya Kihispania ina nafasi ya jina na majina mawili ya ukoo. Andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, hata kama nyumbani mnaitwa Mama fulani. Wakati wa kuchukua wanataka pasipoti yenyewe, si nakala. Mkitaka mmoja achukue kwa niaba ya wote, aandikiwe barua ya idhini na kila mwenye sanduku.

Fimbo_Mbili

Naongezea la begi la kila siku, maana hapo ndipo wazee wetu watapata nafuu.

Kampuni ziko kadhaa, mfano Jacotrans, na Correos wenyewe wana Paq Mochila. Bei ni kama yuro 5 hadi 7 kwa begi kwa siku, kikomo mara nyingi kilo 15, kwa mwendo wa siku moja wa kilomita 25 hivi. Mkizidisha umbali, bei inapanda.

Utaratibu: jioni unawajulisha kwa simu au WhatsApp kwamba kesho kuna begi. Unachukua bahasha yao mapokezi ya hosteli uliyolala, unaandika jina, namba ya simu ukianza na +255, tarehe, mahali begi lilipo na mahali linapokwenda. Unaweka hela kamili ndani, unaifunga kwenye mpini wa begi. Begi liwe mapokezi kabla ya saa 2 asubuhi. Kwao saa hiyo inaandikwa 8:00, kwa hiyo angalieni msichanganye na hesabu yetu ya saa. Mchana, kwenye saa 8 au 9, unalikuta mbele.

Yanayoharibika:

Bahasha ya jana. Usipoitoa, dereva anasoma anwani mbili na begi linabaki lilipo, au linarudishwa ulikotoka.

Jina la nyumba bila jina la mji. Hosteli zenye jina "Santiago" au "San Miguel" zimejaa njia nzima. Andika zote mbili, jina na mji.

Hosteli isiyopokea. Hosteli za serikali ya Galicia, zile za Xunta, hazipokei mabegi yaliyoletwa na gari. Nyingi za manispaa na za parokia pia, na baadhi humpa kipaumbele aliyebeba mwenyewe. Suluhisho ni kupeleka begi kwenye baa au hosteli ya binafsi iliyo jirani, baada ya kuwauliza, ukifika ulichukue.

Kubadili mpango katikati. Goti likikataa kilomita 10 kabla, begi tayari liko mbele. Ndiyo maana ukituma begi ni lazima uwe na kitanda ulichoweka nafasi, na namba ya kampuni iwe kwenye simu.

Mabegi hukaa sehemu ya wazi mapokezi, pamoja na ya wengine. Pasipoti, fedha, simu na dawa zisikae humo. Mkoba mdogo wa mgongoni uwe na maji lita 1.5, koti la mvua, soksi, chakula na dawa za siku mbili.

Mlei_wa_Arusha

Asanteni sana, Mungu awabariki. Je, tukituma siku zote 32 si gharama kubwa? Na kuna ndugu yetu Uingereza na mwingine Ujerumani, wanaweza kututumia vitu Santiago moja kwa moja?

Fimbo_Mbili

Tumeni begi moja kwa watu wanne. Kila mmoja aweke kilo 3.5 za vitu vizito: ndala, nguo za kubadili, begi la kulalia, vipodozi. Yuro 6 mara 32 ni 192, yaani 48 kwa kila mtu. Lakini lazima mlale nyumba moja kila siku.

Au tumeni siku ngumu tu. Ya kwanza, Saint-Jean hadi Roncesvalles, mnapanda zaidi ya mita 1,200 kwa siku moja. Kisha siku ya Cruz de Ferro, msalaba wa chuma ulio juu mlimani, ambapo mteremko wa mawe kwenda Molinaseca ndio unaoua magoti, kuliko kupanda kwenyewe. Na siku ya kupanda O Cebreiro, kijiji cha mlimani. Hapo mnalala Galicia, kumbukeni habari ya Xunta.

Kombe_la_Yakobo

Wa Ujerumani anatuma bila karatasi za forodha, wako ndani ya Umoja wa Ulaya. Wa Uingereza, hapana. Tangu 2021 kila kifurushi kutoka huko kinahitaji tamko la forodha, na kinaweza kukwama. Kutoka Tanzania ni vilevile, msijaribu.

Pawabenki zisiwekwe kwenye sanduku linalotumwa kwa posta. Betri za lithiamu zina masharti makali kwenye usafirishaji, na kwenye ndege pia ni za mkononi tu. Insulini isitumwe kabisa, joto la gari la mizigo linaiharibu.

Nyama kavu na maziwa ya unga visitoke nyumbani, vinanyang'anywa uwanja wa ndege.

Pangeni pia siku ya kuchukua masanduku. Posta Jumapili imefungwa, na tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, Galicia nzima ni mapumziko. Mkifika siku hiyo na basi la Fátima ni kesho yake alfajiri, mnaondoka bila masanduku. Acheni siku mbili kamili Santiago. Mabegi ya mgongoni hayaruhusiwi ndani ya kanisa kuu, kwa hiyo kabla ya Misa ya mahujaji ya saa 6 mchana yawekeni kwanza hotelini.