Kununua namba za wateja wa bima: nitajuaje kama zinalipa?

Ajenti_Kisauni:
Assalaam aleikum wakubwa. Mimi ni ajenti wa bima hapa Mombasa, magari hasa. Kuna jamaa ananiuzia majina ya "watu wanaotafuta bima", mia kwa 20,000. Fungu la kwanza nishalipigia simu lote. Wengine hawapatikani, wengine wamepigiwa na maajenti mpaka wamechoka, na mama mmoja wa Mtwapa akaniambia hilo gari aliliuza kabla ya korona. Nimeuza thadi pati mbili, ile bima ya kulipa hasara ya wengine tu, na bima kamili moja. Jamaa ashikilia majina ni mazuri, mimi ndiye sijui kuuza. Sasa anitaka nichukue fungu la pili kwa bei nafuu. Nilipimeje kabla sijatoa hela?

Dada_wa_Tudor:
Ndugu yangu, achana na bei ya jina, tazama umelipa ngapi kumpata mteja mmoja aliyetoa pesa. Kamisheni ya gari haizidi asilimia 10. Thadi pati ya 7,500 yakuachia 750. Ile bima kamili, tuseme gari la milioni moja kwa asilimia 4, ni 40,000, chako 4,000. Jumla 5,500 kwa fungu la 20,000, na hapo hujakatwa kodi ya zuio wala hujahesabu kredo. Kwa thadi pati tupu ungehitaji wateja 27 katika mia. Nani anauza hivyo?

Mzee_Likoni:
Hesabu ni sawa binti yangu, ila mwakani wakihuisha bima, ajenti halipii majina tena. Hilo nalo litiwe. Ingawa wa thadi pati, akipata nafuu ya mia mbili Mwembe Tayari, hakujui.

Yadi_Changamwe:
Hiyo orodha ina namba za magari? Zaanza na nini?

Ajenti_Kisauni:
KBY, KCA, KCB, hizo hizo. KD sijaiona.

Yadi_Changamwe:
Basi ni ya zamani hiyo, yakhe. KD, zilizofuata KC, zimejaa barabarani miaka sasa. Ama imechotwa kwenye daftari la watu ikazungushwa mji mzima. Muulize huyo muuzaji: kila mtu aliomba bima lini, bima aliyo nayo yaisha lini, na jina lake limeuzwa kwa maajenti wangapi. Aliyebakisha wiki mbili ni mteja. Aliyelipa mwezi jana ni wa kusalimiana naye tu. Hapa yadi tunapouza magari mtu haondoki na gari bila bima, kwa hivyo auzaye ni ajenti aliye karibu saa ile. Wa kupiga kesho yake hukuta mambo yamekwisha.

Wakili_Ganjoni:
Na ridhaa je? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka uweze kuonyesha kwamba mwenye namba alikubali. Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu ilipigwa faini ya karibu milioni 3 kwa kutumia namba ilizopata kwa watu wengine. Mama wa Mtwapa akilalamika, atakayetajwa ni wewe uliyempigia.

Ajenti_Kisauni:
Nimemtumia maswali yote. Amejibu moja tu, la maajenti: "wachache".

Dada_wa_Tudor:
Wachache! Mwambie akuuzie ishirini kwanza, kila moja na tarehe na ushahidi wa ridhaa, na zisizopatikana abadilishe. Kila jina liandike: ulipiga lini, alisema nini, alilipa ngapi. Akikataa ishirini, hizo mia usiziguse.