Transfoma inavuma nyuma ya vyumba vya wageni, naweza kuizima kwa spika?

fundi_zamu:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sauti. Mimi ni fundi umeme kwenye hoteli, transfoma yetu imekaa nyuma ya ukuta wa vyumba na usiku kukishatulia ule mlio wa mmmmm unaingia mpaka ndani, wageni wanaomba kuhamishwa. Nati zimekazwa, raba za chini ni mpya. Sasa hedifoni za kuzima kelele si zinatoa sauti ya kinyume, je nikifunga spika moja kubwa pale pembeni itoe mlio huohuo uliogeuzwa, si zitauana? Halafu mbona AC zikizimwa na mzigo ukashuka bado inavuma vilevile?

mawimbi_tu:
Mkuu nianze na hilo la mwisho. Mvumo mwingi hautoki kwenye mzigo, unatoka kwenye chuma cha ndani kinachobeba sumaku, kile chuma kinabadilika urefu kidogo sana kila sumaku inapopanda, na kwa kuwa inapanda mara mbili kwa kila mzunguko basi umeme wetu wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) unakupa mlio wa hezi 100, pamoja na 200, 300 na kuendelea. Voltage ikiwepo mvumo upo, hata hoteli nzima ikiwa imelala. Mtetemo unapita kwenye mafuta na vishikizo mpaka kwenye bati la tangi, na hilo bati ndilo linalosukuma hewa.

Wazo la spika si baya hata kidogo, Mmarekani mmoja anaitwa Conover alilijaribu kwa transfoma miaka ya 1950. Ilikubali, lakini kwa upande mwembamba tu, ukisogea kelele inarudi na kuna sehemu inaongezeka. Hesabu yake hii hapa: hezi 100 wimbi lake lina urefu wa mita 3.4 hivi. Ukihesabu wimbi zima ni digrii 360, sauti mbili zikikosea kukutana kinyume kwa digrii 60 tu, faida yote imeisha, na digrii 60 hapo ni kama nusu mita ya tofauti ya njia. Kwa hezi 300 ni sentimita 19! Chumba namba 4 kitatulia, namba 6 watakuja juu.

Binti_Mitambo:
Naongezea hapo kwa mawimbi_tu, maana watu wengi wanaishia kwenye spika wakati utamu wenyewe uko kwenye bati. Badala ya kuifukuza sauti ikiwa imeshatoka, unabandika vitetemeshi kwenye bati lenyewe, maikrofoni zinasikiliza nje, komputa inarekebisha mpaka sauti ishuke. Ndege za Q400, hizi wanazorusha Air Tanzania na Jambojet, zinatumia njia hiyo. Propela ina mapanga 6, ikizunguka mara 850 kwa dakika inapiga bodi kwa hezi 85, basi kuna vitetemeshi vimefungwa kwenye mbavu za bodi na maikrofoni ndani ya kabini.

Na kinachonifurahisha mimi kuliko vyote, si lazima bati liache kutetemeka!! Kwenye masafa ya chini, kipande kimoja kikienda mbele huku jirani yake akirudi nyuma, hewa inahama tu kutoka huku kwenda kule na sauti kidogo sana inafika mbali. Kelele kubwa inatoka pale bati zima linaposukuma kwa pamoja. Kwa hiyo mtambo unaweza kuubadilisha mtetemo uwe wa kupishana, ukipima bati kwa sensa unaona bado linacheza, wakati chumbani kumetulia. Ndo maana usipime bati, pima sauti kule wanakolala watu.

fundi_zamu:
Asanteni sana, nimeelewa. Kwahiyo nibandike vitetemeshi kwenye tangi?

mawimbi_tu:
Hapana mkuu, hiyo ina umeme mkubwa, usiiguse bila kuzimwa na bila ruhusa ya wenye mamlaka nayo, na tangi lina pande nyingi kwahiyo kitetemeshi kimoja hakitoshi. Wewe una wimbi la mita 3.4, pima vyumba. Kama kuna chumba chenye urefu huohuo toka ukuta wa transfoma mpaka wa mbele yake, mlio unajazana kwenye kuta hizo na katikati, na unapungua sana kama sentimita 85 kutoka kila ukuta. Sogeza mto wa kitanda uwe hapo usikilize usiku, halafu tuletee majibu.