Ulinganisho: Multisite, tovuti mama ya kunakili, au kurasa tuli kwa ofisi inayotaka kutoa tovuti nyingi zaidi

Kisasa_Web
Wakuu, habari za jioni. Tuna ofisi ya kutengeneza tovuti hapa Dodoma. Wateja wetu ni shule, nyumba za wageni, mawakili na asasi za kiraia, na kazi zinaingia haraka kuliko tunavyozimaliza. Seva ya mwaka inatakiwa kulipiwa mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo tunataka kuamua mfumo kabla hela haijatoka. Tumebaki na njia tatu:

1. WordPress Multisite, wateja wote ndani ya mfumo mmoja.
2. Tovuti mama moja ya WordPress, inanakiliwa kwa kila mteja, halafu zote zinasimamiwa kwa MainWP (dashibodi moja ya tovuti nyingi za WordPress).
3. Kurasa tuli (faili zilizokwisha tengenezwa, zisizo na hifadhidata) za Hugo au Astro, zinawekwa Cloudflare Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti.

Ipi itatuwezesha kutoa tovuti nyingi bila kuajiri?

fundi_seva
Mkuu, hapo hujatupa cha kushika. Mnatoa ngapi kwa mwezi na mnataka kufika ngapi? Mko wangapi, na nani anaijua PHP (lugha ya programu ya WordPress) vizuri? Seva ni cPanel ya kushirikiana na wengine au VPS (sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yenu)? Halafu kubwa kuliko yote: mkishakabidhi, nani anabadilisha maudhui, mteja au ninyi? Jibu la hilo la mwisho linaweza kufuta njia moja kabisa.

zabibu_dev
Kurasa tuli, bila kusita. Hakuna hifadhidata, hakuna plagini (programu za nyongeza) za kusasisha, hakuna ukurasa wa kuingilia ambao mtu atakaa kubahatisha nywila. Nyumba ya wageni pale Area C inahitaji vyumba, bei, ramani na kitufe cha WhatsApp. Hilo ni faili moja la data: jina, simu, rangi, orodha ya vyumba. Templeti inabaki ileile, mteja mpya ni faili jipya. Mpango wa bure wa Cloudflare Pages unatoa ujenzi (kuzalisha kurasa upya) mara 500 kwa mwezi na faili 20,000 kwa tovuti, ilimradi faili moja lisizidi MiB 25.

fundi_seva
Zabibu, hizo 500 ni za akaunti nzima. Kila mteja akibadilisha neno moja, ni ujenzi mmoja umekwenda. Na mwalimu anayetaka kupandisha tangazo la kujiunga kwa simu yake, utamwambia nini? Decap CMS (ukurasa wa kuhariri tovuti tuli) ipo, lakini mpaka umfungulie njia ya kuingia inayopitia Git (hifadhi ya faili na matoleo yake), na akikwama atakupigia wewe. Kwa nyumba ya wageni nakubaliana nawe. Kwa shule, hapana.

Kisasa_Web
Samahani wakuu, najibu. Tunatoa nne kwa mwezi, tunataka kufika kumi. Tuko watatu: mbunifu mmoja, mmoja anayeijua PHP, na mmoja wa mawasiliano na wateja. Sasa hivi tuko cPanel ya kushirikiana, tunafikiria VPS ya RAM GB 4. Shule na asasi wanabadilisha matangazo wenyewe. Mawakili na nyumba za wageni hawagusi kitu.

alizeti_singida
Basi Multisite. Shule zote zinafanana: historia, ada, fomu za kujiunga, matokeo, matangazo. Unasasisha WordPress mara moja, zote zimesasishwa. Domeni ya kila mteja unaiweka bila plagini ya ziada, uwezo huo umo ndani ya WordPress tangu toleo 4.5 la mwaka 2016. Shule mpya unaifungua kwa dakika chache. Kwa watu watatu sioni njia nyepesi zaidi.

mpwapwa_root
Alizeti, kufungua ni rahisi, shida ni mteja anapoondoka. Kuna ofisi moja, jina halina haja, ilikuwa na shule kadhaa kwenye Multisite, shule moja ikataka kuhamia kwa mtu mwingine. Maudhui yake yalikuwa kwenye majedwali ya wp_7_posts, wp_7_options na mengineyo, kumi kwa kila tovuti. Lakini watumiaji wa mtandao mzima wanakaa jedwali moja la wp_users, na vyeo vyao vimo wp_usermeta chini ya ufunguo wp_7_capabilities. Picha ziko uploads/sites/7.

Aliyepewa kazi akatoa majedwali ya 7 peke yake, akageuza kiambishi cha majina yake, wp_7_, kuwa wp_, kisha akafungua faili la SQL (nakala ya hifadhidata) kwenye kihariri cha kawaida na kubadilisha anwani ya zamani kwa mpya. Tovuti ikafunguka, lakini wijeti zote (vipande vidogo vya ukurasa) na mipangilio ya themu (mwonekano) vimepotea. Sababu ni kwamba WordPress inahifadhi mipangilio mingi kwa mtindo wa PHP unaotaja urefu wa kila maandishi, kwa mfano s:27. Ukiweka anwani ndefu zaidi na namba ikabaki 27, PHP inashindwa kusoma, na mpangilio wote unahesabika haupo. Hiyo ndiyo kazi ya amri ya `wp search-replace`: inafungua, inabadilisha, inahesabu upya.

Baada ya hapo hata msimamizi hakuweza kuingia, anaambiwa hana ruhusa. Ndani ya jedwali la options kulikuwa na mstari unaoitwa wp_7_user_roles, nao ulitakiwa uitwe wp_user_roles. Vilevile kwenye usermeta. Na makala za zamani zikabaki bila mwandishi, maana namba za watumiaji hazikulingana tena. Shule ilikaa na tovuti mbovu wakati wazazi wanatafuta fomu za kujiunga. Kila mteja anayeondoka kwenye Multisite anakuja na kazi hii, na haiko kwenye ankara ya mtu.

alizeti_singida
Hayo yalimpata kwa sababu hakujua. Ukihamisha kwa faili la XML la WordPress lenyewe, watumiaji unawapanga upya wakati wa kuingiza.

mpwapwa_root
XML inabeba kurasa, makala na viambatisho. Haibebi wijeti wala mipangilio ya plagini. Utarudi kuipanga kwa mkono.

fundi_seva
Kwa maelezo ya Kisasa, mimi niko njia ya 2 kwa shule na asasi. Lakini ifanywe kwa nidhamu, si kunakili folda kwa cPanel. Mtiririko uwe hivi:

Themu na plagini za tovuti mama zikae kwenye Git. Tumieni themu ya bloku, rangi na herufi ziwe kwenye faili la theme.json, vipande vya ukurasa (kichwa, ada, ramani, matangazo) viwe ruwaza zilizoandikwa kwenye faili. Mteja mpya anazaliwa kwa skripti: `wp core download`, `wp config create`, `wp db import`, kisha `wp search-replace` na anwani mpya, mkianza na `--dry-run` kuona kitakachoguswa, na `--skip-columns=guid` ili vitambulisho vya makala visiguswe. Halafu `wp config shuffle-salts` (kubadilisha funguo za siri), barua pepe ya msimamizi, na saa iwe Africa/Dar_es_Salaam. Wakati wa majaribio `blog_public` iwe 0. Siku ya kukabidhi iwe 1. Hili liandikwe kwenye orodha ya makabidhiano, kwa sababu likisahaulika Google inaendelea kuambiwa isiiorodheshe tovuti, na mteja anagundua baadaye kabisa.

Plagini ya MainWP Child iunganishwe baada ya kunakili, kila tovuti kivyake. Sasisho ziende kwa mawimbi: tovuti mama kwanza, kisha mbili tatu zisizo na watu wengi, kisha zilizobaki. Bakapu ikae nje ya seva hiyohiyo.

Na msinakili kamwe kutoka tovuti ya mteja aliyepo. Majibu ya fomu zake yanakwenda na nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na fomu za shule zina taarifa za watoto.

nzuguni_ui
Hapo kwenye theme.json ongeza onyo. Mbunifu akibadilisha rangi au templeti kupitia kihariri cha WordPress, mabadiliko yanaandikwa kwenye hifadhidata na yanalishinda faili. Mtasukuma toleo jipya la themu kwa wateja wote, kwa baadhi hakuna kitakachoonekana, na mtatafuta kosa kwenye kache (nakala za muda za kurasa) mpaka mchoke. Amueni mapema: muundo unabadilishwa kwenye faili tu, na mteja apewe cheo cha Editor, asipewe Administrator.

dada_maudhui
Ndugu zangu, mnapanga injini na hakuna aliyeuliza mafuta. Kisasa, kazi zenu nne za mwezi uliopita zilikaa wapi muda mrefu? Mara nyingi mfumo hauhusiki, mnasubiri mteja alete maelezo. Mkiongeza kasi ya kutengeneza bila kugusa hilo, mtakuwa na tovuti tupu kumi badala ya nne.

Fanyeni hivi. Malipo ya awali yasifungue kazi, maudhui ndiyo yafungue. Shule ipewe karatasi yenye nafasi zilizohesabiwa: utangulizi maneno 80, ujumbe wa mkuu wa shule 150, ada kwa kila darasa, picha nane zenye maelezo ni za nini. Mtu akiona nafasi anajaza, akiambiwa "tuletee maelezo" anakaa kimya. Marekebisho yawe awamu mbili, yaandikwe kwa pamoja na mtu mmoja aliyeteuliwa na shule. Mkuu akituma yake, mhasibu yake na mjumbe wa bodi yake, mnarudia ukurasa uleule bila mwisho.

Picha zisitumwe WhatsApp kama picha, zinabanwa. Zitumwe kama hati.

zabibu_dev
Naunga mkono hili la dada kwa asilimia mia. Ila zikija kama hati zina MB 4 kila moja, zipunguzwe kabla ya kupandishwa. Upana wa pikseli 1600, faili la aina ya WebP, ubora 75 hadi 80. WordPress ikipokea picha kubwa inaipunguza hadi pikseli 2560 na kutengeneza saizi nyingine kadhaa, huku ya asili ikibaki palepale. Picha moja inakuwa faili nyingi, na kwenye cPanel ya kushirikiana kikomo cha idadi ya faili kinajaa kabla ya GB.

Kisasa_Web
Dada umegusa penyewe. Mbili kati ya nne zimesimama kwa kukosa maelezo. Je, VPS ya GB 4 itabeba tovuti 40?

fundi_seva
Zikiwa na kache ya ukurasa, ndiyo. Bila kache, mchakato mmoja wa PHP wa WordPress hula kati ya MB 50 na 100, ukitoa sehemu ya MySQL (hifadhidata) unabaki na michakato 25 hivi kwa wakati mmoja. Wekeni `DISABLE_WP_CRON` (kuzima ratiba ya WordPress yenyewe), kazi za ratiba ziitwe na kroni (kipanga ratiba) ya seva, na kila tovuti ipewe dakika yake. Zote 40 zikiamka dakika ya sifuri, seva inakwama kila saa. Kila mteja awe na mtumiaji wake wa mfumo, tovuti moja ikivamiwa zingine zisisomeke.

alizeti_singida
Mnaona? VPS, kroni, watumiaji 40. Mtu mmoja wa PHP atashinda kwenye seva badala ya kutengeneza tovuti. Bado nasema Multisite kwa shule tu.

mpwapwa_root
Mkataba ukisema gharama ya kuhamisha, nitakubali. Bila hivyo sikubali.

Kisasa_Web
Nitalipia seva ya miezi mitatu kwanza, mwaka usubiri. Swali jingine: nyumba moja ya wageni nataka kuijaribu kwa kurasa tuli, ina domeni ya .co.tz na barua pepe zao ziko cPanel. Nikihamisha tu tovuti, barua pepe zitabaki salama?

zabibu_dev
Ukitumia www peke yake, iongeze kwenye Pages, weka CNAME (rekodi inayoelekeza jina kwenye jina jingine) na usiguse rekodi nyingine. Ukitaka na jina tupu bila www, Cloudflare Pages inataka neimseva (seva zinazotunza rekodi za domeni) zihamie kwao, na hapo ndipo barua pepe za watu hufa.

fundi_seva
Kabla ya kubadilisha neimseva kwa msajili wako, nakili kila rekodi: MX (seva ya barua), SPF na DKIM (uthibitisho wa mtumaji), na A (anwani ya seva) ya mail. SPF iwe rekodi moja tu, mbili zinabatilishana. Rekodi ya mail isipitishwe kwenye proksi ya Cloudflare, ile alama ya wingu iwe ya kijivu, la sivyo Outlook zao hazitaunganika. Fomu ya tovuti itume kutoka anwani ya domeni yao, ya mgeni iwe kwenye Reply-To. Ukiweka Gmail ya mgeni kama mtumaji, ujumbe unaangukia taka. Shusha TTL (muda wa rekodi kukumbukwa) hadi sekunde 300 siku moja kabla, na ufanye Jumamosi usiku.