Km naikokotoa, lakini sijui inasema nini. Nina sapu ya baiokemia

BintiSikonge
Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa tatu, nimepata sapu ya baiokemia. Madesa nimekesha nayo. Glaikolisisi, yaani kuvunjwa kwa sukari ndani ya seli, naandika hatua zote 10 bila kuchungulia. Kilichoniangusha ni kasi za vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Mlinganyo wa Michaelis na Menten, unaohusisha kasi hiyo na wingi wa sabstreti (kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi), naukokotoa vizuri, ila swali lilipotaka nieleze Km ina maana gani mwilini, niliandika mistari miwili nikakwama.

Na kuna jambo la maabara linaniuma mpaka leo. Tulipima kimeng'enya fosfatasi kwa ile sabstreti inayotoa rangi ya njano. Mirija minne ya kwanza, kila mmoja ulikolea kuliko uliotangulia. Wa tano na wa sita niliweka sabstreti nyingi zaidi, rangi ikagoma kuongezeka. Nikajua nimekosea, nikamwaga nianze upya, muda ukaisha.

Sapu ni wiki tatu zijazo na bumu limekwisha, siwezi kumlipa mtu anifundishe. Nisaidieni.

DadaWaMaabara
Pole mdogo wangu. Hukukosea hata kidogo! Mirija ile miwili ilikuwa inakuonyesha Vmax, yaani kasi ya juu kabisa, kwa macho yako. Vimeng'enya vyote vilikuwa vimeshashika kazi, sabstreti uliyoongeza ikabaki kwenye foleni. Km ni kiasi cha sabstreti kinachofikisha kasi nusu ya hapo.

Sasa twende mwilini. Mtu aliyeamka hajala, sukari ya damu yake ni kama milimoli 5 kwa lita. Heksokinasi ya ubongo, kimeng'enya kinachoikamata sukari, ina Km ndogo sana, chini ya milimoli 1, kwa hiyo inafanya kazi karibu na kasi yake ya juu hata kabla ya chai. Glukokinasi, ndugu yake wa kwenye ini, inataka kama 8 ndipo ifike nusu ya kasi yake. Ini linawaachia wengine kwanza. Ukishakula ugali sukari ikapanda, ndipo linachukua kwa nguvu na kuweka akiba. Chora zote mbili kwenye karatasi moja, weka alama penye 5, uangalie.

Mwl_Kemia
Naongezea, maana wengi huachia alama hapa. Glukokinasi haimfuati Michaelis sawasawa, mchoro wake umepinda kama herufi S. Ndiyo maana huandikwa S0.5 badala ya Km. Na ule mstari wa Lineweaver na Burk wa mwaka 1934, wa kutafutia Km na Vmax, usiutegemee mno: ukigeuza namba kuwa moja chini ya namba, kosa dogo la mrija wenye sabstreti haba linavimba na kuuvuta mstari mzima.

BintiSikonge
Dada, nimechora nyuma ya kalenda. Penye 5 mchoro wa heksokinasi umeshakuwa bapa kabisa, wa glukokinasi ndiyo kwanza unapanda. Mwalimu, asante, nimeandika S0.5. Je, aliyerithi glukokinasi yenye kasoro, sukari yake itakaa juu?

DadaWaMaabara
Itakaa juu kidogo, tangu kuzaliwa. Ni kisukari kiitwacho MODY 2. Kongosho nalo hupima sukari kwa glukokinasi hiyohiyo, kwa hiyo insulini inachelewa kuamshwa. Swali hilo ulilouliza mwenyewe, jaribu kulijibu kwa mchoro wako kabla hujalala.