Windows 7 kazini: kuiongezea uwezo, kubadilisha kivinjari, au kuhamia Linux?

Mama Uchapaji (Kadutu, Bukavu)

Ndugu zangu, jambo kwenu wote. Ninaendesha ofisi ndogo ya uchapaji na fotokopi hapa Kadutu. Kompyuta yangu kuu ina kichakataji cha Core 2 Duo, kumbukumbu ya GB 4 na Windows 7 ya biti 64. Siwezi kuiacha, kwa sababu ndiyo inayoendesha mashine ya kukata vinili ninayotengenezea maandishi ya magari na vibao vya maduka, na kiendeshi cha mashine hiyo, yaani programu inayoiunganisha na Windows, hakikutolewa tena kwa mifumo iliyofuata. Taabu ni kwamba programu mpya zinakataa kufunguka. Wiki hii nimeweka programu ya kushughulikia PDF, nikapata ujumbe kwamba GetSystemTimePreciseAsFileTime haipatikani ndani ya KERNEL32.dll, faili mojawapo la Windows. Nimesikia habari za VxKex, programu ya kuiongezea Windows 7 uwezo, za vivinjari vinavyotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya zamani, na za Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Mwaka huu sina uwezo wa kununua kompyuta nyingine, kwa hiyo ninaomba walio na uzoefu wanilinganishie njia hizi.

Fundi wa Ibanda (Bukavu)

Jambo Mama. Ujumbe huo una maana moja tu. Fanksheni hiyo, yaani kazi ndogo ambayo programu huuomba mfumo uifanye, husoma saa ya mfumo kwa usahihi wa chini ya mikrosekunde moja, na Microsoft iliiingiza katika Windows 8, mwaka 2012. Programu yako haikatai kwa sababu kompyuta ni dhaifu. Inakataa kwa sababu imeita kwa jina kitu ambacho Windows 7 haijawahi kuwa nacho, na mfumo unapokikosa huisimamisha kabla hata dirisha lake halijafunguka.

VxKex imetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Huingia ndani ya programu inapoanza na kuitikia miito ambayo Windows 7 isingeweza kuiitikia. Unabofya faili la programu kwa kitufe cha kulia, unafungua sifa zake, unaingia kwenye kichupo cha VxKex na kuiwasha kwa programu hiyo peke yake. Ninaipenda kwa sababu haibadilishi mafaili ya mfumo wenyewe: ukiizima, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. One-Core-API, programu ya namna hiyo ya Windows XP, kwa mfano, hubadilisha mafaili ya mfumo, na ikiharibika unaweza kulazimika kuweka Windows upya. Kwa VxKex nimefanikiwa kuendesha matoleo ya Python (lugha ya kutengenezea programu) yanayofuata 3.8, ambayo ndiyo ya mwisho kuikubali Windows 7 rasmi. Ila usitegemee kila programu ikubali, na usitegemee ikupe kiendeshi cha kifaa chochote, kwa sababu viendeshi hufanya kazi kwenye tabaka la chini ambalo VxKex haifiki.

Kamalondo (Lubumbashi)

Maelezo ya Fundi ni sahihi, lakini ninaomba Mama asiichukue VxKex kama tiba ya usalama. Inaziba pengo la fanksheni. Matundu ya mfumo, yaani kasoro ambazo wavamizi hupitia, inayaacha wazi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata kampuni zilizolipia nyongeza ya huduma zilifikia mwisho wake Januari 2023. Kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ingawa kiraka (sasisho la kuziba tundu) kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huohuo. Wakati ule aliyekuwa amesasisha alinusurika. Tundu la namna hiyo likigunduliwa leo, hakuna kiraka kitakachokuja.

Kwa ofisi ya fotokopi, hatari iliyo karibu zaidi ni flashi za wateja. Sote tumeona zile ambazo folda zake zimefichwa na mahali pake pamewekwa njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu anabofya akidhani anafungua folda yake, kumbe anawasha kirusi.

Mwalimu wa Birere (Goma)

Niongeze juu ya vivinjari. Chrome ilisimama kwenye toleo 109 kwa Windows 7, mwanzoni mwa 2023. Firefox 115 ya msaada wa muda mrefu iliongezewa muda zaidi ya mara moja kwa ajili ya Windows 7, 8 na 8.1, lakini ilipata masahihisho ya usalama tu, na tovuti zinazodai mambo mapya zitaendelea kuikataa kidogokidogo. Supermium ni Chromium mpya (msingi wa Chrome) iliyorekebishwa ikubali hata Windows XP, na tovuti hufunguka vizuri, ila inategemea juhudi za watu wachache. Mimi ningeitumia kusoma habari na kupakua fomu za wanafunzi. Barua pepe ya ofisi na mambo ya fedha nisingeyapitisha kwenye mfumo ambao chini yake haurekebishwi tena.

Linux Mint ya Xfce (toleo jepesi la Linux) inaenda vizuri kwenye Core 2 Duo yenye GB 4. Mashine nyingi za kukata vinili huelewa HPGL, lugha ya kuamrisha mashine za kuchora, na programu ya Inkcut inaweza kuzipelekea michoro kutoka programu ya kuchora ya Inkscape. Mama, aina ya mashine yako ni ipi? Kuhusu Windows 11, tusipoteze muda: tangu toleo la 24H2 haiwaki kabisa kwenye kichakataji kisicho na agizo la ndani liitwalo POPCNT, na Core 2 Duo haina.

Mama Uchapaji

Asanteni sana. Mashine yenyewe ni ya Kichina, haina jina linalojulikana, na imeunganishwa kwa kebo ya USB. Kuweka mifumo miwili, Windows na Linux, kwenye kompyuta moja kutanichelewesha: mteja wa vinili na mteja wa barua huja pamoja, nami siwezi kuzima na kuwasha kila mara, tena kwa umeme huu wetu. Ila ninayo kompyuta ndogo ya mwanangu yenye GB 2, haitumiki.

Kamalondo

Basi hiyo ndiyo iwekwe Linux nyepesi, nayo ibebe intaneti na flashi zote za wateja. Faili la mkato la Windows haliwaki huko. Unanakili waraka wenyewe tu kwenye flashi yako ya ofisi, mafaili ya .lnk (njia za mkato) na .exe (programu) unayaacha. Windows 7 iondolewe kwenye mtandao kabisa, waya na Wi-Fi.

Fundi wa Ibanda

Ninakubaliana naye, na VxKex ibaki kwa ile programu ya PDF. Kabla ya kuiweka, hakikisha una Service Pack 1 (sasisho kuu la Windows 7) pamoja na masasisho KB2533623 na KB2670838, kwa sababu bila hayo programu nyingi zitaendelea kukataa hata ukiiwasha. Kwanza kabisa, nakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla kwenye diski ya nje, kwa sababu kiendeshi cha mashine yako kikipotea hakuna mahali pa kukipata tena. Kama unayo CD iliyokuja na mashine, uje nayo pia, tutoe nakala yake siku hiyohiyo.