Clos de la Roche moja, wazalishaji watatu: nichague chupa zipi mbili?

Neema_BXL:
Habari zenu wakuu. Nahudumia wateja kwenye mgahawa hapa Brussels. Mwezi ujao tunapokea wageni wanane wanaotaka kuonja mvinyo wa shamba moja kutoka kwa wazalishaji wawili tofauti. Bosi ameamua liwe Clos de la Roche, kule Morey-Saint-Denis, Burgundy, Ufaransa, na kuchagua chupa kaniachia mimi. Stoo tuna Dujac, Ponsot na Rousseau. Bei zake ni kubwa mno, kwa hiyo siwezi kufungua moja nionje kwanza. Shamba lina hekta 17 hivi, wote wanatumia zabibu aina ya Pinot Noir. Nawaelezaje wageni kwamba tofauti imeletwa na mikono ya mtengenezaji, si udongo? Na nianze kumimina upi?

Kichala:
Dujac na Ponsot, dada, usihangaike. Jacques Seysses alivuna mara ya kwanza pale Dujac mwaka 1968, na jina alilipata kwa kuchachusha vichala vizima, vikonyo vikiwemo. Vikonyo ndivyo vinavyoleta ile harufu ya viungo, majani ya chai na waridi lililokauka, na rangi hupauka kidogo. Siku hizi baadhi ya vichala huondolewa vikonyo, kiasi kinategemea mwaka, ila ukiweka pua tu unamtambua. Halafu Dujac hutumia mapipa mapya, yanayotia harufu ya mbao. Ponsot yeye anaondoa vikonyo, anatumia mapipa ya zamani tu, anachelewa kuvuna, na salfa, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo, anaitumia kwa uchache sana. Kwake hutakuta harufu ya mbao kabisa, ni tunda lililoiva na madini. Mimi nampenda zaidi Ponsot, lakini mezani utaona wageni wamegawanyika.

Mwana wa Kahama:
Nampinga Kichala kidogo. Hao wawili wanatofautiana kwa kila kitu: vikonyo, mapipa, siku ya kuvuna. Mgeni ataona tofauti bila kujua imesababishwa na nini. Rousseau huondoa vikonyo karibu vyote, na Clos de la Roche yake haipati mapipa mapya kama Chambertin, mvinyo wake wa shamba jingine. Ukimweka na Ponsot, wanabaki kutofautiana zaidi kwenye kuiva kwa zabibu na salfa. Hapo mgeni anajifunza kitu.

Kichala:
Kwa watu waliozoea, sawa. Kwa wageni wanane walio kwenye chakula cha jioni, Ponsot na Rousseau watapishana kwa mambo madogo ambayo nusu yao hawatayasikia.

Shangazi wa Geneva:
Neema mwanangu, usiwaambie kwamba udongo ni uleule. Clos de la Roche ya asili haifiki hata hekta 5. Kilichobaki ni mashamba jirani kama Les Mochamps na Les Fremières, yaliyounganishwa chini ya jina hilo. Juu udongo ni mwembamba, chokaa iko karibu; chini ni mzito zaidi. Kwa hiyo sema ni mikono pamoja na kipande cha ardhi alicho nacho kila mmoja. Ni kweli, na wageni wataheshimu ukweli.

La pili, mwaka wa mavuno uwe mmoja. Bila hivyo unalinganisha mvua na jua, si wazalishaji. Tena Laurent Ponsot aliondoka kwenye kampuni ya familia mwaka 2017, kwa hiyo chupa za kabla na baada usizihesabu kama kazi ya mtu yuleyule.

Neema_BXL:
Asante sana shangazi, mwaka ndio umeamua. Nimekagua: Dujac na Ponsot zote ni 2010, Rousseau ni 2013 peke yake. Mwana wa Kahama, wazo lako nalihifadhi kwa siku tutakapopata miaka inayolingana. Je, kumimina?

Shangazi wa Geneva:
Mimina zote mbili kwa wakati mmoja, glasi mbili kwa kila mgeni, bila kuwaambia ipi ni ya nani. Ukitanguliza Dujac, viungo vyake vitabaki mdomoni na Ponsot ataonekana mnyonge. Nyuzi joto 15 au 16, fungua saa moja kabla, usihamishie kwenye jagi.

Mwana wa Kahama:
Na ongea na mpishi mapema. Bata au kanga wa kuoka, chumvi ya kiasi, pilipili asiweke.